Uzi: Milima mifupi ya Waingereza. Wabeba boksi wenzangu wa ughaibuni, siku ya ofu msiishie kulala

MsambaaMtoro
Wakuu, salaam.

Naingia mwaka wa nne hapa Sheffield. Miaka miwili ya mwanzo maisha yangu yalikuwa zamu ya usiku, basi, kitanda, halafu zamu ya usiku tena. Ofu nalala mpaka mbavu zinauma. Ungeniuliza Uingereza ikoje ningekujibu ni kituo cha basi chenye mvua.

Kazini kuna mzee mmoja ninayemhudumia, siku moja akaniuliza kama nimeshafika Mam Tor. Nikamwambia ndiyo kwanza nalisikia hilo jina. Alinitazama kama vile nimekaa Moshi miaka miwili halafu nauliza mlima uko wapi. Ofu iliyofuata nikasema potelea mbali, nikapanda treni ya Hope Valley, dakika kama 35 nikashuka Edale. Stesheni yenyewe majukwaa mawili, na kondoo ng'ambo ya ukuta.

Kilichonichanganya ni kwamba hakuna geti. Mimi najua hifadhi ya taifa ni geti, askari, kibali na risiti. Peak District ni hifadhi ya taifa, ya kwanza kutangazwa nchi hii, mwaka 1951, na nilishaingia ndani yake bila habari, nimekaa kwenye treni natafuna sambusa. Ndani kuna vijiji, baa, makanisa, mashamba ya watu, hata kiwanda cha saruji na bomba lake la moshi. Mnyama mkuu ni kondoo. Ardhi kwa sehemu kubwa ina wenyewe. Ila kuna vibao vidogo vyenye mshale wa njano, na mshale huo maana yake hii ni njia ya umma ya waenda kwa miguu, mwenye shamba hana ubavu wa kukuzuia.

Basi nikafuata mishale. Unakatiza malisho, unapanda kingazi cha kuvukia ukuta wa mawe, unafungua geti la mkulima na kuliacha ulivyolikuta. Hivyo hivyo mpaka Hollins Cross, juu kabisa kwenye mgongo wa kilima. Zamani Edale hapakuwa na kanisa, kwa hiyo maiti zilibebwa kupitia hapo kwenda kuzikwa Castleton, bonde la pili. Nilikuwa nimebeba begi lenye sambusa nne na nahema. Hao walikuwa na jeneza.

Ukikata kulia unafuata mgongo mpaka Mam Tor, mita 517. Najua mnacheka, ngojeni kwanza. Mkono wa kulia bonde la Edale na nyuma yake mlima Kinder Scout, mweusi, mkono wa kushoto Castleton, kuta za mawe zimegawa majani vipande vipande mpaka macho yanachoka. Nilikaa pale saa nzima na upepo wangu. Nilikumbuka Irente, unavyosimama pale kwenye mwamba na Mazinde iko chini ya unyayo wako, tambarare imelala mpaka Umasaini. Ndipo nikagundua kwamba tangu nitue nchi hii nilikuwa sijaona mbali. Miaka miwili macho yanagonga ukuta wa jirani.

Picha nitaweka. Nani mwingine ameshazunguka? Tupeane maeneo.

Ngosha wa Buzuruga
Mita 517? Mkuu huo mlima au kichuguu? Sisi wenye 5,895 tukae upande gani?

KijitiKikavu
Uzi bila picha ni uvumi. Navuta kiti.

MsambaaMtoro
Ngosha, nikuongezee kicheko. Mlima mrefu kuliko yote England ni Scafell Pike, mita 978. Soko la Lushoto, pale wanapouza peasi na kabichi, liko juu zaidi ya hapo kwa mita kama 400. Kwa hiyo bibi yangu akienda sokoni na kapu lake anakuwa juu ya England nzima.

Lakini urefu si hoja. Kilimanjaro siku za mwanzo unatembea msituni, unaona mgongo wa aliyekutangulia. Huku kilima hakina mti hata mmoja, saa moja tu kutoka stesheni unatazama wilaya tatu.

BintiMakunduchi
Kaka Msambaa umenifurahisha, maana mie ndugu zangu hapa London wananiona mwendawazimu. Kila likizo ya shule nawabeba wanangu kwenda kutembea, wao wanauliza "kwani huko kuna duka gani?"

Sie wa kusini hatuna haja ya kufika huko kwenu. Tunapanda treni mpaka Brighton, pale basi namba 12, linapita juu juu ya bahari, mnashuka karibu na mto Cuckmere. Mkitembea mtazikuta Seven Sisters, yaani Dada Saba, majabali meupe pee ya chaki yamesimama juu ya bahari kama shuka iliyoanikwa. Mwanangu wa kati kahesabu akapata nane. Nikamwambia hesabu tena. Nane. Nikahesabu mie mwenyewe, nane! Nimekuja kuambiwa ni kweli, wa nane yupo ila mdogo, hakupewa jina la udada. Maskini.

Ukitaka picha yenyewe usisimame juu yao, maana hapo huwaoni. Nenda upande wa Seaford, panda kile kilima cha Seaford Head, watazame kutoka ng'ambo ya mto, na vile vijumba vya walinzi wa pwani mbele yake.

Na nawaambia ndugu zangu, kwa Mungu, ukingoni msisogee. Chaki ile ni laini, bahari inaila kwa chini, juu unaona majani mazuri ya kijani kumbe umesimama juu ya hewa. Beachy Head, jabali la hapo jirani, ni mita 162 mpaka chini. Kuna mnara wa taa wa zamani pale unaitwa Belle Tout, ukingo ulishaufikia, mwaka 1999 wakausukuma mzima mzima kwa majeki, mita 17 kurudi nyuma. Mnara wa mawe! Halafu wewe unakuja na kijiti chako cha selfii unasogea kinyumenyume. Mtandio wangu nauona mpaka leo unaelekea Ufaransa.

KijitiKikavu
Dada Makunduchi, picha?

BintiMakunduchi
Za wanangu siweki mtandaoni, mwanangu.

Koleo la Fundi
Msambaa umepita Mam Tor halafu hukuwaambia habari ya barabara? Mimi ni mtu wa ujenzi, nilikwenda kwa ajili ya hiyo barabara tu.

Ule mlima Waingereza wanauita mlima unaotetemeka. Umejengeka kwa matabaka: jiwe la mchanga, chini yake tope lililoganda likawa jiwe dhaifu, tena jiwe la mchanga, hivyo hivyo. Mvua ikizama ndani, lile tabaka dhaifu linateleza na upande mzima unashuka. Umeanza kuporomoka miaka kama 4,000 iliyopita na haujaisha. Udongo ulioshuka umefanya vilima vidogo chini yake, ndiyo maana wanasema Mam Tor ni mlima mama, ana watoto miguuni.

Sasa mwanzoni mwa karne ya 19 wakapitisha barabara juu ya maporomoko hayo hayo, kukwepa mteremko mkali wa Winnats. Wakawa wanaziba, inapasuka. Wanaziba, inapasuka. Mwaka 1979 wakanyoosha mikono, wakaifunga moja kwa moja. Leo unaitembelea kwa miguu: lami imekatika kama keki, kipande kimoja kiko juu ya kingine kwa kimo cha mtu, na unaona matabaka ya viraka vyote walivyowahi kuweka, kimoja juu ya kingine. Mhandisi yeyote aliyewahi kusimamia barabara ya milimani anapaswa kupelekwa pale akae kimya dakika tano. Na magari yanapita wapi sasa? Winnats, kule kule walikokukimbia.

Ukishuka Castleton kuna mapango manne ya kuingia kwa tiketi. Wa Tanga wenzangu mnaojua Amboni mtajiona nyumbani, ni jiwe la chokaa lililoliwa na maji. Mawili kati ya hayo yanatoa jiwe la zambarau na manjano liitwalo Blue John. Lile kubwa kuliko yote, mdomo wake ni mpana kiasi kwamba wasokota kamba walikuwa wanaishi humo na familia zao, jina lake la asili naogopa kuliandika humu.

Ngosha wa Buzuruga
Andika mkuu, watoto wamelala.

Koleo la Fundi
Tako la Ibilisi. Inasimuliwa kwamba malkia Victoria alipokuja kwenye tamasha humo pangoni mwaka 1880 wakaona aibu, wakaligeuza likawa Peak Cavern. Siku hizi biashara imekolea, wamelirudisha la zamani kwenye mabango.

Ngosha wa Buzuruga
😂😂 Hapo sasa nauli natafuta.

Mjukuu wa Chifu
Mkuu Msambaa, swali la dhati. Nimekaa Kent mwaka mzima na hizo njia naziona, lakini nikifikiria mtu mweusi kukatiza shamba la Mzungu na begi mgongoni, nafsi inasema rudi nyumbani. Hawaiti polisi? Hawatoi mbwa?

MsambaaMtoro
Swali zuri, na mimi lilinishika koo siku ya kwanza. Nilipita kwenye ua wa nyumba ya mkulima, njia imekatiza katikati ya zizi lake, nikawa natembea kwa heshima kama nimeenda kuposa. Mwenyewe akatoka, moyo ukanilipuka. Akasema "asubuhi njema, kuna matope mbele," akaendelea na mambo yake.

Sisemi hutatazamwa. Baa moja ya kijijini niliingia, mazungumzo yakakatika kama redio iliyozimwa. Lakini njiani kwenyewe karibu kila mtu anakusalimia, jambo ambalo Sheffield mjini halipo kabisa. Tazama ramani ya Ordnance Survey (shirika lao la ramani la taifa) ya 1:25,000, zile nukta za kijani zilizokatikakatika ndizo njia za umma. Ukiwa juu ya hizo uko kwenye haki yako. Cha kuogopa ni ng'ombe mwenye ndama, huyo ramani haimhusu.

Mzee wa Makaratasi
Vijana, hiyo haki ina historia, na inawahusu ninyi wenye ofu moja kwa wiki kuliko mnavyodhani.

Huo mlima mweusi aliouona Msambaa, Kinder Scout, mita 636, ulikuwa umefungwa. Makabaila waliuweka kwa ajili ya kuwinda ndege wa jamii ya kwale siku chache za mwaka, na siku nyingine zote walinzi wenye marungu. Huku na huku yake kuna Manchester na Sheffield, miji ya viwanda, watu wamejazana, moshi, na siku ya mapumziko ni Jumapili tu. Jumapili ya tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wakakusanyika kijiji cha Hayfield, wakapanda makusudi. Aliyewaongoza alikuwa Benny Rothman, miaka 20. Wakasukumana na walinzi huko juu. Waliporudi polisi wanawasubiri. Watano walifungwa, kuanzia miezi miwili hadi sita, na kosa halikuwa kuingia ardhi ya mtu, waliwapachika la kufanya fujo.

Hukumu ile ndiyo iliyowaudhi watu wengi kuliko maandamano yenyewe. 1949 ikapita sheria ya hifadhi za taifa, 1951 hifadhi ya kwanza ikatangazwa, hapo hapo. Mwaka 2000 sheria nyingine ikaruhusu kutembea popote kwenye nyika na milima iliyo wazi, si kwenye njia tu. Na 2002, miaka 70 baadaye, Duke wa Devonshire, kabaila mkubwa, akasimama hadharani akaomba radhi kwa alichofanya babu yake.

Msije mkadhani nchi yote iko wazi, lakini. Ardhi ya kutembea ovyo kwa sheria hiyo ni kama asilimia 8 tu ya England. Kwingine kote ni mshale wa njano au kaa nje.

Mjukuu wa Chifu
Shikamoo mzee. Kwa hiyo walioifungua walikuwa wabeba boksi?

Mzee wa Makaratasi
Marahaba. Ndiyo, wabeba boksi wa Manchester.

Bwana Misitu
Niharibu sherehe kidogo. Msambaa anasifia kilima kisicho na mti "unaona mbali". Mkuu, umetoka Usambara, kwenu msitu ukikatwa mnalia, huku ukikatwa mnaita mandhari?

Ile nyika ya Kinder haikuumbwa kipara. Miti ilikatwa na kuchomwa tangu enzi za kale, kondoo wakahakikisha haioti tena. Juu kuna udongo mweusi wa mboji, na ulishikwa na mimea midogo laini inayofyonza maji kama sponji. Viwanda vya miji hiyo hiyo aliyoitaja mzee vikamwaga masizi na tindikali miaka mia na zaidi, mimea ikafa, udongo ukabaki uchi, mvua ikaukata mitaro kimo cha mtu. Siku hizi wanairudishia kwa mkono, shina kwa shina, na kuziba mitaro ili maji yasikimbie. Nendeni, pazuri. Lakini mjue mnatazama kidonda kinachopona.

MsambaaMtoro
Bwana Misitu, umenikamata. Sina la kujibu ila kukiri kwamba nilipokaa pale sikuuona kama kidonda. Hiyo mitaro naijua lakini, ngoja nikusimulie, nilitaka kuificha.

Mwezi wa kumi nilipanda Kinder peke yangu na raba za kuchezea mpira. Jua linawaka. Nilipofika juu, ndani ya robo saa ukungu ukashuka, sioni mita kumi. Juu kule ni tambarare, hakuna kilele cha kuelekea, na ukishaingia kwenye mitaro hiyo ya mboji unazunguka kama panya ndani ya pipa. Simu ilikuwa na chaji asilimia tisa, baridi ikaimaliza. Nikafuata sauti ya kondoo nikidhani kuna zizi. Hakuna zizi, kondoo nao wamepotea.

Walioniokoa ni bibi wawili, kila mmoja si chini ya miaka sabini. Wamekaa juu ya jiwe kwenye ukungu wanakunywa chai ya chupa kana kwamba wako sebuleni. Wana ramani ya karatasi na dira. Wakanitazama raba zangu, hawakusema kitu, na ule ukimya ulikuwa matusi tosha. Wakanishusha mpaka Jacob's Ladder, ile ngazi ya mawe ya kurudi Edale, mmoja mbele mmoja nyuma, mimi katikati kama mfungwa.

Kwa hiyo: viatu vya kushika ardhi, koti la mvua hata kama mbingu iko safi, ramani ya karatasi, chaji ya akiba. Ukikwama unapiga 999, unaomba polisi halafu uokoaji wa milimani. Wanakuja bure, ni watu wa kujitolea wenye kazi zao nyingine. Mimi ningekufa kwa aibu kabla hawajafika.

KijitiKikavu
Kumbe ndiyo maana hakuna picha.

Pwani Raha
Habari zenu ndugu zangu, mimi niko Mombasa. Mwezi wa Disemba naja Manchester kumwona kakangu, wiki mbili. Huko milimani ataweza kunipeleka ama ni baridi ya kuua?

MsambaaMtoro
Karibu sana. Inawezekana, ila jua la Disemba linazama kabla ya saa kumi jioni, na giza la kule si giza la Nyali. Anzeni saa tatu asubuhi, saa nane muwe mnashuka. Mwezi wa sita ndiyo raha, jua linazama saa tatu na nusu usiku, unatoka kazini mchana na bado unapanda.

Ikiwa ana gari, mwambie akupeleke Malham Cove, Yorkshire.

BintiMakunduchi
Malham! Ukuta wa jiwe la chokaa mita 80, umepinda kama nusu ya chungu. Zamani barafu ilipoyeyuka palikuwa na maporomoko ya maji, sasa pakavu, mto umezama chini ya ardhi. Disemba 2015 mvua ilivyozidi maji yakamwagika tena kwa siku moja, wazee wa pale hawakuwahi kuona. Ukipanda zile ngazi juu kuna uwanja wa mawe matupu yaliyochanika chanika, na kwenye nyufa kumeota majani. Mie nilisimama nikasema, haa, hii si maweni ya kwetu Makunduchi? Kasoro mbuzi na mkungu wa ndizi.

Vaa viatu vizuri, mwanangu. Jiwe likilowa ni sabuni.

Ngosha wa Buzuruga
Wakuu. Natoa taarifa, nimetoka Mam Tor leo. Niko Leicester miaka mitatu, sikuwahi kusema humu. Yule jamaa wa kichuguu naomba asinukuliwe tena. Kuanzia Edale mpaka Hollins Cross nilisimama mara saba nikijifanya natazama mandhari. Mtoto wa miaka kama sita alinipita anakula biskuti.

Barabara ya Koleo nimeiona. Kimya dakika tano nimekaa, ingawa mimi si mhandisi, ni magoti tu.

KijitiKikavu
Picha mkuu.

Ngosha wa Buzuruga
Nilipiga arobaini na mbili. Zote nyeupe. Ukungu.